Enanga ya Kuanulia Matanga

1

Ana mgongo hana kifua, ana mishipa hana damu, ukimkuna analia.

Kitendawili hicho Bi Kokubelwa hakuwahi kukimaliza mbele ya mjukuu wake. Kengonzi, mtoto wa miaka sita mwenye pengo la meno mawili mbele, alikuwa akimkata kauli palepale kwenye mishipa: "Enanga!" Kisha anacheka kwa kuwa ameshinda, na bibi ananuna kwa uongo kwa kuwa ameshindwa.

Asubuhi ya siku ya nne ya msiba hakuna aliyetega wala kutegua. Bi Kokubelwa aliipakata enanga yake, ubao mrefu uliochongwa kama sinia la kulishia kuku, nyuzi nane zimewambwa juu yake, akaketi katikati ya nyumba. Watu walikuwa wamekaa juu ya nyasi zilizotandazwa sakafuni tangu siku ya kifo. Nje, kati ya migomba ya kibanja, shamba lililoizunguka nyumba, kaburi la Adventina lilikuwa bado na udongo mbichi.

Adventina alikuwa binti yake wa pekee, na ndiye mama yake Kengonzi. Homa ilimchukua kwa siku mbili, katika zama hizi ambapo daktari anakaa Mwanza na kuyasikiliza mapafu ya mgonjwa aliyelala kitandani kwake kilimani Ihembe. Daktari alisikiliza vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho.

Sasa ilibaki kazi ya Bi Kokubelwa. Katika ukoo wao wa wapiga enanga, wimbo wa kuanulia matanga hupigwa mara moja tu kwa kila marehemu. Mpigaji hulitaja jina la marehemu mara tatu, kisha huziachia nyuzi. Katikati ya wimbo kuna shimo: uzi wa tatu hukunwa, halafu huachwa unyamaze wenyewe, polepole, mpaka kusisikike kitu. Katika shimo hilo ndipo aliye karibu zaidi na marehemu hulia. Akishalia, nyasi hukusanywa na kutupwa, watu huoga, huenda shamba, na hata kucheka huruhusiwa. Asipolia, nyasi haziondoki.

Babu yake aliwapigia wafalme shimo hilo, akiketi pembeni ya kiti chao kilichobaki kitupu. Baba yake aliwapigia maaskofu na wauza kahawa. Bi Kokubelwa alikuwa amempigia kila aliyekufa Ihembe kwa miaka hamsini na tatu, na hakuwahi kuona shimo likipita kavu.

"Adventina," alisema. "Adventina. Adventina."

Akaanza. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa siku hizo, lakini njia vilikuwa vinaijua. Alipofika kwenye uzi wa tatu aliukuna, akauachia, akainua macho amtazame mjukuu wake.

Aliona vidole gumba.

Vilikuwa vikicheza mapajani mwa watu. Vya mabinti wa kwaya, vya vijana waliochimba kaburi, vya Evodius mwenyewe, mume wa marehemu, mtu mzima mwenye ndevu. Vilidonoa hewani kama vifaranga kwenye pumba. Na miguu yao ilikuwa ikigonga nyasi, taratibu, wote pamoja: du-du-ka, du-du-ka. Walikuwa wanalijaza shimo. Nyuso zao zilikuwa zimefunguka kama za watu waliosikia mgeni anabisha hodi.

Kengonzi aliinuka. Alikimbilia chumbani, akatoka na kandambili za bluu za mama yake, akapita katikati ya waombolezaji mpaka kaburini. Akazipanga vizuri juu ya udongo, vidole vikielekea nyumbani.

"Wewe mtoto, unafanya nini huko?" Bi Jenestha, jirani na rafiki wa utotoni wa Bi Kokubelwa, aliita kutoka mlangoni.

"Naweka viatu. Akiinuka asikanyage matope."

"Nani ainuke?"

"Mama." Kengonzi aliwaangalia wakubwa kama mwalimu anavyowaangalia wanafunzi wazito. "Amebelwa tu. Wimbo si umeshapigwa? Sasa hivi anarudi."

Hakuna aliyelia. Bi Kokubelwa aliumalizia wimbo kwa kuwa haujuzu kuachwa njiani, kisha akaiweka enanga chini na kuitazama mikono yake.

2

Neno lile, "amebelwa", lilitoka kwenye jina la Bi Kokubelwa mwenyewe.

Miaka miwili nyuma, kijana Projestus, mzaliwa wa kilima hichohicho, alirudi kutoka mjini akiwa na kazi ambayo wazee walishindwa kuieleza kanisani. Alikuwa mtengeneza rimiksi wa kampuni moja ya gemu iitwayo Kiwingu. Kazi yake ilikuwa kutafuta ala za zamani, zile zilizopigwa mbele ya wakubwa kabla ya umeme kuja, na kuzichanganya na midundo ya kompyuta ili zichezwe ndani ya gemu. Alishachukua nzumari za pwani na zeze za Ugogo. Sasa alitaka enanga.

"Bibi, shikamoo waitu," alisema akiwa amepiga goti, akimwita waitu, yaani wa kwetu, na adabu yake haikuwa ya kuigiza. "Una wanafunzi wangapi?"

Bi Kokubelwa hakuhitaji kuhesabu. Mmoja alihamia ng'ambo, wa pili alifariki. Wa tatu alikuwa Adventina, aliyejifunza nusu ya wimbo na kuacha, akisema vidole vyake vimeumbiwa jembe.

"Basi ukiondoka, unaondoka nao," Projestus alisema.

Hakumdanganya. Baadaye Bi Kokubelwa alitafuta sana mahali alipodanganywa ili apate wa kumlaumu, akakosa.

Alikwenda studio Bukoba. Kuta zilikuwa za sponji, sauti ya mtu ilifia mdomoni. Projestus alivaa visikizio vikubwa na kumwambia aanze. Na hapo bibi alikwama, kwa jambo ambalo lisingemkwamisha mtu mwingine yeyote duniani: hapakuwa na marehemu. Aanzeje bila jina? Kumtaja aliye hai ni kumwapiza. Kumtaja aliyekwisha kuanuliwa ni kumburuta arudi matangani. Kubuni jina ni kuziambia nyuzi uongo. Alitafuna buni yake ya kahawa mpaka ikaisha utamu, kijana wa watu akimsubiri.

Kisha akasema, "Kokubelwa. Kokubelwa. Kokubelwa." Akapiga.

Wimbo mmoja kwa mtu mmoja. Wake alikuwa ameshaupiga, kwa mkono wake mwenyewe, ndani ya chumba cha sponji.

"Safi sana, Bibi," Projestus alimwonyesha dole gumba. "Hiyo sauti ya mwanzo nimeipenda mno."

Gemu iliitwa Daraja la Moshi. Mchezaji huvuka daraja linalobomoka juu ya mji, na huanguka, tena na tena. Kuicheza hakukuhitaji kitu mkononi. Kila mtoto akifika miaka mitano alipelekwa zahanati, siku ileile ya chanjo, akapandikizwa kipuli nyuma ya sikio: kitu kidogo kama punje ya mchele, kinachopeleka sauti moja kwa moja kwenye mfupa na kusoma mapigo ya moyo. Masomo yalipitia humo, na matangazo ya serikali, na salamu za mjomba aliye mbali. Vidole gumba tu ndivyo viliendesha mchezo, vikicheza hewani. Hata wazee wa Ihembe waliwekewa, kama Bi Jenestha, ambaye kilimtibu uziwi. Bi Kokubelwa peke yake alikikataa. Alisema masikio aliyopewa hajamaliza kuyatumia.

Ndani ya gemu mambo yalikwenda hivi. Mchezaji akianguka, moyo humruka. Kipuli kinausikia moyo, na papo hapo mashine inaingiza enanga peke yake, laini, mpaka mapigo yashuke. Halafu linakuja jina, limekatwa kichwa: belwa, belwa, belwa. Halafu uzi wa tatu unakunwa na kuachwa. Na ndani ya lile shimo, mahali pa kulia, Projestus aliweka mdundo. Besi nzito ya kutoka tumboni, du-du-ka, inayokuja kama mtu anayepanda ngazi mbilimbili. Mchezaji anainuka, mzima, anaendelea.

Mara arobaini kwa siku. Mara sitini, wakati wa likizo. Mbuzi akisikia debe la pumba likitikiswa mara sitini, hahitaji tena kuona pumba. Mate yanatoka yenyewe.

Watoto wa nchi ambazo Bi Kokubelwa hakujua hata majina yake walianza kusema wamebelwa. "Nimebelwa tena!" "Usiharakishe, utabelwa!" Hawakujua kama kuna mtu mwenye jina hilo. Siku za kwanza, wakati Adventina yu hai, mama na binti walilicheka jambo hilo jikoni mpaka ndizi zikaungua. "Mama, umekuwa kitenzi," Adventina alimwambia, akipangusa machozi kwa kanga.

3

Siku ya tano ikapita, na ya sita. Nyasi zikaanza kunuka unyevu. Ndugu waliotoka mbali walikaa wakitazamana, maana kuondoka kabla ya matanga kuanuliwa ni aibu, na kubaki ni njaa kwa mifugo yao. Mvua ilinyesha, ikajaza maji kwenye zile kandambili za bluu pale kaburini. Kengonzi alikwenda kuyamwaga na kuzipanga upya.

Hakuwa na huzuni. Ndilo lililomchoma bibi yake. Alikula, alicheza, na kila baada ya muda alikwenda dirishani kutazama migomba, kama mtoto anayejua gari la saa nane huchelewa kidogo.

Mchana wa siku ya sita Bi Kokubelwa alimkuta amekaa kwenye kizingiti, macho yametulia, vidole gumba vinadonoa.

"Unacheza nini, mama?"

"Daraja." Mtoto hakugeuka. "Nimempa jina. Yule anayevuka."

"Umemwitaje?"

"Mama."

Bi Kokubelwa aliketi chini taratibu, magoti yakilia.

"Nikimwangusha, wanampigia wimbo wako, halafu anainuka," Kengonzi alisema. "Nimemwangusha mara nyingi, Bibi. Kila mara anainuka. Nataka aone njia, asisahau." Kidole gumba kiliteleza. "Haya, amebelwa." Uso ukangoja. Kisha pengo la meno mawili likaonekana. "Umemwona? Amerudi."

Bi Kokubelwa hakuona kitu ila kizingiti na mvua.

Jioni hiyo, kabla ya taa kuwashwa, alimwita mkwewe uani. Evodius alikuja na kusimama upande, akiutazama ukuta, kwa kuwa mkwe hamkabili mama mkwe wake macho kwa macho.

"Nataka kumwita Projestus," alisema Bi Kokubelwa. "Wimbo utoke kwenye ile gemu."

Evodius akauambia ukuta: "Mama, naomba nisikukosee adabu. Ili iweje?"

"Ili mtoto alie."

"Mtoto anacheka. Siku sita anacheka, na wewe Mama unatafuta machozi yake." Alisema kwa hasira iliyokosa pa kukaa. "Wengine msiba umewavunja watoto wao, hawali, hawalali. Wangu analala. Na mimi... Ulipopiga juzi, pale kwenye uzi wa tatu, nilimsikia mke wangu anapanda ngazi. Nilijua si kweli. Lakini nilimsikia. Unataka kuninyang'anya na hiyo?"

"Anamwekea viatu, Evodius."

"Ataacha mwenyewe akikua."

"Akikua atakuwa na ndevu kama zako," Bi Kokubelwa alisema, "na vidole gumba vyake vitakuwa bado vinacheza."

Evodius aliondoka. Lilikuwa neno kali, na Bi Kokubelwa alijua amelisema ili kulikimbia swali la mkwewe. Maana swali lilikuwa zuri. Ni nani aliyempa mtu ruhusa ya kumliza mtoto?

4

Projestus alikuja siku ya saba. Alifika na mkungu wa ndizi begani kama mfiwa mwingine yeyote, akautua, akapiga goti.

"Pole, Bibi. Pole sana waitu. Da Adventina alinibeba mgongoni mimi."

"Nimeshapoa, mjukuu wangu. Keti." Alimpa buni za kahawa kwenye kisahani. Bi Jenestha alikuwa palepale na hakuonyesha dalili ya kuondoka. "Nina maneno mawili. La kwanza: utoe ule mdundo kwenye shimo."

Projestus alitafuna taratibu. "Nikiutoa, anayecheza anakaa na kifo chake sekunde kumi na moja. Nilijaribu mwanzoni, Bibi, nakuapia, nilitaka libaki kama ulivyolipiga. Watoto walizima gemu wote. Hakuna mtoto anayekaa na kitu kama kile sekunde kumi na moja."

"Wangu walikuwa wanakaa."

"Hawakuwa na cha kuzima."

Bi Jenestha aliguna. Bi Kokubelwa aliendelea. "La pili. Asiinuke. Akianguka, ameanguka."

Kijana alicheka, kisha akaona kwamba amecheka peke yake. "Gemu ambayo mtu akifa amekufa? Nani ataicheza, Bibi?"

"Sote tunaicheza," alisema Bi Kokubelwa.

Nje mvua ilikuwa ikinyesha. Kengonzi alipita akiwa amejifunika jani la mgomba, akielekea kaburini kumwaga maji kwenye kandambili. Projestus alimfuata kwa macho mpaka alipoinama. Aliacha kutafuna.

"Ni za nani zile?"

"Unajua ni za nani."

Alishusha kichwa. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya mtoto wa kilima, si ya mtu wa studio. "Kwenye mkataba kipo kifungu cha kufuta. Mwenye sauti anaweza kuiondoa kabla ya mwaka wa tatu kuisha. Imebaki miezi. Lakini sikiliza kwanza, Bibi, usikimbilie. Ukifuta, haitoki kwenye gemu tu. Zamani watu walikuwa wanafuta vitu, halafu wengine wanaviiba na kuvipiga pembeni. Kwa hiyo wakatunga sheria: sauti iliyofutwa, vipuli vyote vinaizuia. Ikija sikioni kipuli kinaimeza kabla mtu hajaisikia."

"Hata nikiipiga mimi? Kwa mkono wangu, humu ndani?"

"Kipuli hakijui mkono. Kinajua wimbo."

"Na kikitolewa?"

"Hakitolewi kabla ya miaka kumi na minane. Na ukubwani watu hawakitoi. Watatoa vipi? Kazi iko humo, benki iko humo." Alimtazama Bi Jenestha. "Masikio yako humo."

Bi Jenestha aligusa nyuma ya sikio lake kana kwamba ameambiwa ana mchwa. "Kumbe na mimi?"

"Na wewe, Bibi."

"Kokubelwa." Bi Jenestha hakuwa amemwita kwa jina zima tangu walipokuwa wasichana. "Ulimpigia mume wangu. Uliwapigia wanangu wawili. Nikifa mimi, utanipigia nikiwa pale naliwa na udongo, na watu wangu watakaa wanautazama mkono wako kama unapapasa mbwa?"

"Ndiyo."

"Na wewe je? Nani atakupigia wewe?"

Bi Kokubelwa aliichukua enanga, akaiweka mapajani, hakuipiga. Kiganja chake kilipita juu ya nyuzi nane kama anayepangusa vumbi. Alikuwa ameutoa wimbo ili usife. Ulikuwa hai, hakuna aliyeweza kukana. Ulikuwa hai kuliko wakati wowote wa babu yake. Uliimbwa na watoto wa mataifa, ulikuwa na afya na meno, na ulikuwa umejifunza kusema uongo. Na akiuua, anaua kitu pekee ambacho ukoo wake uliwahi kuwa nacho. Si wafalme waliobaki, si nyumba. Wimbo mmoja wenye shimo katikati.

Kule nje mjukuu wake alikuwa amezipanga kandambili, kisha akazigeuza kidogo, zielekee mlango vizuri zaidi.

"Mimi nimeshajipigia," alisema. "Tufanyeje kufuta?"

Projestus alitoa kidude cha mkononi, akakiwasha. "Useme jina lako. Mara tatu, wapate kuilinganisha sauti. Halafu useme nafuta."

Bi Jenestha alijifunika uso kwa kanga.

"Kokubelwa," alisema bibi. "Kokubelwa. Kokubelwa."

5

Siku ya nane waliketi tena juu ya nyasi, wanaume upande wa mlango, wanawake upande wa ndani. Evodius alikaa nyuma kabisa. Kengonzi aliwekwa mbele, karibu na magoti ya bibi yake, na alikuja kwa furaha, maana alielewa kwamba mara ya kwanza pengine mama hakusikia vizuri kwa sababu ya mvua.

"Adventina. Adventina. Adventina."

Bi Kokubelwa alipiga.

Wimbo ulitoka vizuri. Hakujua kama ungetoka vizuri kiasi kile. Vidole vilivyokakamaa vilikunjuka kama vya bibi harusi, ubao ukaitika, uzi wa sita uliokuwa na tabia ya kulegea ulikaa mahali pake. Nyumba ilikuwa imejaa watu, na humo ndani aliyekuwa anasikia alikuwa mmoja. Wengine walimwona mwanamke mzee anakuna ubao. Bi Jenestha alikuwa ametoa shingo mbele, ametega sikio, kisha la pili, mdomo wazi. Miaka hamsini na tatu ya kusikiliza, na sasa alikuwa anausoma wimbo kwenye vidole, akibahatisha umefika wapi.

Kengonzi alimvuta bibi gauni. "Bibi, imeharibika?"

Bibi aliendelea.

"Bibi. Haitoi kitu."

Uzi wa tatu. Aliukuna, akauachia. Aliusikia ukishuka, ukipungua, ukiwa mwembamba kama unywele, ukiisha. Sasa alikuwa sawa na wengine wote ndani ya nyumba. Hakuna aliyesikia chochote.

Mtoto alitazama miguu ya watu. Haikugonga. Alitazama mapaja yao, na vidole gumba vilikuwa vimelala. Alitazama mlangoni, kwenye mvua, kwenye kandambili za bluu zilizokuwa zimejaa tena maji ya matope. Alisubiri. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kumwona mtoto akisubiri namna ile, kwa mwili wote, kama anayeshikilia mlango usifungwe na upepo.

Kisha akauachia.

"Haji," alisema. Halikuwa swali. Midomo ilianza kumtetemeka kwenye lile pengo. "Bibi, mama haji."

"Haji, mama."

Kilio kilichomtoka hakikuwa cha mtoto wa miaka sita. Kilikuwa cha siku nane kwa pamoja. Kule nyuma Evodius alijibu kwa sauti nzito, ya kutisha, akigonga kichwa ukutani, na baada yake mabinti wa kwaya, na wachimba kaburi, mpaka nyumba nzima ikawa inatikisika, na Bi Kokubelwa akaumalizia wimbo wake chini ya kelele hizo, peke yake, kwa utulivu, bila kuruka hata uzi mmoja.

Nyasi zilikusanywa. Ndugu walioga, wakafunga mizigo. Evodius alipita mbele ya mama mkwe wake mara mbili na hakumsalimu, na haikuwa kwa heshima.

Bi Jenestha alikuja kuketi ubavuni kwake. "Umetoka vizuri?"

"Umetoka."

"Na pale mwishoni, ule uzi wa sita?"

"Haukulegea."

"Mshenzi wewe," alisema Bi Jenestha, akilia. "Yaani leo ndiyo usilegee."

Huko barabarani watoto waliokuwa wakienda kuteka maji walisikika wakigombana. "Umebelwa!" "Sijabelwa, wewe ndiye umebelwa!" Neno lilikuwa limebaki. Kiwingu walishaweka wimbo mwingine mahali pa ule wa zamani, na mchezo uliendelea.

Alasiri Kengonzi alitoka na kandambili mkononi. Alikuwa ameziosha. Aliziweka ndani ya nyumba, chini ya kitanda cha mama yake, akarudi kuketi miguuni pa bibi, macho yamevimba, kamasi zimekauka.

"Bibi, nitegee."

Bi Kokubelwa alikuwa na vitendawili mia, lakini kilichokuja mdomoni kilikuwa kilekile. "Ana mgongo hana kifua."

Mtoto alinyamaza.

"Ana mishipa hana damu."

Mtoto alinyamaza bado, akitazama migomba. Kwa mara ya kwanza bibi akafika mwisho. "Ukimkuna analia."

"Simjui," alisema Kengonzi.

"Fikiri."

"Nimefikiri. Simjui huyo."

"Basi nipe mji."

Mtoto alikuwa na miji mingi ya kutoa, Bukoba, Mwanza, Kampala, na kila siku alitoa mojawapo kwa ubahili. "Chukua Daraja la Moshi," alisema. "Siutaki tena."

Bi Kokubelwa aliupokea mji, kama desturi ya vitendawili inavyotaka. "Nimekwenda Daraja la Moshi," alianza, "nikapita darajani, nikala, nikanywa. Nikamkuta bibi mmoja ameanguka."

"Akainuka?"

"Hapana."

Kengonzi alikubali kwa kichwa. Alilaza shavu lake lenye moto kwenye goti la bibi. "Haya. Jibu lake nini?"

Enanga ilikuwa imeegeshwa ukutani, nyuzi zikielekea nje. Bi Kokubelwa aliitazama.

"Jibu lake," alisema, "lilikuwa enanga."